Nywila chini ya kibodi: msongo wa kazi unavyovunja kanuni za usalama wa taarifa

Ilikuwa tarehe 28 Juni, saa tatu usiku, katika ofisi moja hapa Dodoma. Wakati huo nilikuwa afisa TEHAMA wa taasisi ile, nikapigiwa simu kwamba akaunti ya mkuu wa kitengo cha fedha imejifunga. Nilipofika nilimkuta mhasibu msaidizi peke yake, khanga mabegani kwa sababu ya baridi ya Juni, kikombe cha chai ya rangi kimepoa pembeni ya rundo la hati za malipo. Mkuu wake alikuwa safarini Singida. Akaunti iliyojifunga ilikuwa ya mkuu, na aliyekuwa akihangaika kuifungua ni msaidizi huyo. Asubuhi hiyo mfumo ulimlazimisha mkuu kubadili nywila, naye akamsomea mpya kwa simu huku gari linakimbia na mtandao unakatikakatika. Herufi kubwa, tarakimu, alama ya mshangao. Msichana aliiandika kwenye kipande cha karatasi ya kikokotoo na kukisukuma chini ya kibodi. Akaikosea mara tatu, mfumo ukafunga.

Aliponiona hakujitetea. Aliniambia, "Kaka, najua. Nifungulie tu, zimebaki hati 41 na keshokutwa mwaka unafungwa."

Miezi miwili kabla ya hapo alikaa mstari wa mbele kwenye mafunzo yangu ya usalama wa taarifa. Swali la kwanza kwenye jaribio lilikuwa kama inaruhusiwa kumpa mwenzako nywila yako, hata kama mwenzako huyo ni msimamizi wako. Alijibu hapana. Alipata maswali yote.

Jioni ile haijanitoka. Kwenye ofisi zetu uvunjaji wa kanuni za usalama huelezwa kwa namna mbili tu. Ama mtumishi hajui, basi apewe mafunzo, au anajua na ana dharau, basi aandikiwe barua. Yule dada hakuwa mjinga wala hakuwa na dharau. Alikuwa amechoka, amebanwa, na kanuni niliyoiandika mimi ilikuwa mzigo mwingine juu ya kichwa kilichokwisha kubeba kingi.

Mizani ndani ya mtu

Mwaka 1984 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Lazarus na Susan Folkman, walitoa maelezo ya msongo ambayo hadi leo ndiyo msingi wa tafiti nyingi. Walisema msongo hautoki kwenye jambo peke yake, unatoka kwenye mizani anayoifanya mtu anapolitazama jambo hilo. Kwanza hujiuliza: hili linanitishia nini? Halafu: nina nini cha kulikabili? Akiona tishio limezidi uwezo wake, hapo msongo unazaliwa. Ndiyo maana kazi ileile humwacha mmoja analala vizuri na mwingine anakesha.

Baada ya mizani hiyo mtu ana njia mbili. Anaweza kulishughulikia tatizo lenyewe: aombe msaada, apange upya kazi, aongeze muda. Au anaweza kushughulikia namna linavyomuumiza: alipuuze, ajiambie si kubwa kiasi hicho, alipe jina lingine. Mtu huelekea njia ya kwanza anapoona ana mamlaka ya kubadili kitu. Anapoona hana, hukimbilia ya pili. Ukilishika hilo, nusu ya makala haya umeyashika, kwa sababu mhasibu msaidizi hawezi kusogeza tarehe ya mwisho wa mwaka wa fedha, hawezi kumzuia mkuu wake kusafiri, na hawezi kubadili sera ya nywila. Kilichobaki mikononi mwake ni namna ya kujituliza.

Teknolojia kama chanzo cha msongo ilianza kuandikwa zamani. Mmarekani Craig Brod aliizungumzia mwaka huohuo wa 1984, kompyuta zilipokuwa ndiyo kwanza zinaingia maofisini. Lakini ilichukua muda kabla watafiti hawajauliza swali linalotugusa sisi wa TEHAMA: je, kanuni za usalama zenyewe ni chanzo? Mwaka 2014 John D'Arcy, Tejaswini Herath na Mindy Shoss walijibu ndiyo, na wakaonyesha sura tatu za msongo huo.

Ya kwanza ni wingi. Kanuni ya usalama haiji na muda wake. Mtumishi anapewa kazi ya saa nane, kisha anaambiwa ndani ya saa nane hizohizo afanye na usalama: aingize namba ya uthibitisho kutoka kwenye simu, asubiri mashine imalize kusasisha programu, ahamishe faili kwa njia rasmi ambayo inachukua dakika kumi badala ya WhatsApp inayochukua sekunde mbili. Hakuna aliyempunguzia kitu kingine.

Ya pili ni ugumu. Sera nyingi za usalama nilizozishika kwa mikono yangu zimeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, kurasa arobaini au hamsini, wakati ofisi nzima inafanya kazi na kusemezana kwa Kiswahili. Mtu anasaini ukurasa wa mwisho kukiri ameisoma. Hajaisoma, na aliyemsainisha anajua hivyo. Tunaanza uhusiano wetu na kanuni kwa kusaini uongo mdogo, kisha tunashangaa kanuni hazina uzito.

Ya tatu ni kutotabirika. Leo waraka unasema hivi, mwezi ujao mfumo mpya unakuja na kanuni zake, na jina lako la kuingilia kwenye mfumo huu si lile la kwenye mfumo ule. Aliyejitahidi kujifunza mwaka jana anaona juhudi yake imetupwa.

Lililo zito kwenye utafiti wao ni kinachofuata. Msongo huo haukuwafanya watu wasahau kanuni. Uliwafanya wajitengenezee sababu za kuona kuivunja si kosa.

Sababu ambazo kila ofisi inazijua

Muda mrefu kabla ya kompyuta, mwaka 1957, wanasosholojia Gresham Sykes na David Matza waliandika kuhusu vijana wahalifu wakasema kwamba wengi wao hawakuwa wamekataa maadili ya jamii. Waliyaamini. Walichofanya ni kujipa ruhusa ya muda, kwa maneno ambayo Sykes na Matza waliyagawa katika mafungu matano. Nimefanya kazi maofisini kwa miaka, na mafungu hayo matano nimeyasikia yote kwa Kiswahili, mengine kabla ya saa nne ya chai.

Kuna anayekana wajibu: "Mimi mdogo tu, bosi ndiye kasema." Kuna anayekana madhara: "Kwani kuna kilichoibwa?" Kuna anayekana kwamba yupo wa kuumizwa: "Mali ya ofisi haina mwenyewe." Kuna anayemgeuzia kibao anayemlaumu: "Nyie wa TEHAMA wenyewe mnatumia akaunti moja wote." Hilo la mwisho liliwahi kuniuma, maana kwenye seva yetu moja lilikuwa kweli.

Fungu la tano ndilo ninalotaka msomaji alitazame vizuri, nalo ni utii kwa jambo linaloonekana kubwa kuliko kanuni. "Watu wanasubiri malipo yao." Kati ya hati zile 41 kulikuwa na vibarua waliofyeka na kusafisha eneo la ofisi, na mama mmoja mzabuni wa chakula aliyekuwa akija kuulizia hela yake kila wiki, anasalimia, anakaa kwenye benchi la nje, anaondoka. Fedha ambayo haijalipwa mwaka wa fedha unapofungwa huweza kurudi Hazina, na mama yule angeanza foleni upya Julai. Msichana alikuwa anamjua kwa sura. Kanuni yangu haikuwa na sura.

Huwezi kumshinda mtu wa namna hiyo kwa kumtisha. Mwaka 2010 Mikko Siponen na Anthony Vance walipima vitu viwili pamoja: hofu ya adhabu, na sababu hizi za kujipa ruhusa. Sababu ndizo zilizotabiri nani ana nia ya kuvunja sera. Zilipoingizwa kwenye hesabu, adhabu haikuwa tena na uzito wa kueleza chochote cha maana. Mtu aliyejihakikishia kwamba anatenda jema haogopi barua ya onyo ipasavyo, kwa sababu moyoni mwake barua hiyo haimhusu.

Utii una bajeti

Mwaka 1999 Anne Adams na Angela Sasse wa London waliuliza wafanyakazi kuhusu nywila zao. Waliowakuta ni watu wenye nywila nyingi, wanaolazimishwa kuzibadili mara kwa mara, wanaoziandika kwenye karatasi au kuchagua zilizo rahisi kukisia, na kitengo cha usalama ambacho hakijawahi kuwaeleza kwa nini. Watafiti hao walikataa dhana kwamba mtumiaji ni adui. Karibu miaka kumi baadaye, mwaka 2008, Sasse na wenzake Adam Beautement na Mike Wonham wakaja na wazo ambalo ningependa kila mkurugenzi wa Dodoma alisikie: kila mtumishi ana bajeti ya utii. Kila kanuni inakata kiasi fulani cha muda, akili na subira. Bajeti ikiisha imeisha, na kanuni inayokuja baada ya hapo haitafuatwa hata iwe ya maana kiasi gani.

Sisi watu wa serikalini tunaelewa bajeti. Tunajua fungu likishatumika kwenye semina halipo tena kwa ajili ya mafuta ya gari. Lakini kwenye usalama tunatumia fungu la subira ya watu kana kwamba halina ukomo, na mara nyingi tunalitumia kwenye vitu vya kijinga.

Kubadili nywila kila siku tisini ni mfano wa wazi. Mwongozo ulioeneza desturi hiyo duniani, pamoja na sharti la kuchanganya herufi kubwa, tarakimu na alama, ulitoka mwaka 2003 kwa taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, na mwandishi wake Bill Burr alikuja kukiri hadharani mwaka 2017 kwamba anajutia sehemu kubwa ya aliyoyaandika. Mwaka huohuo NIST ilitoa mwongozo mpya: usimlazimishe mtu kubadili nywila kwa kalenda tu, mwambie abadili pale penye dalili kwamba imevuja, ruhusu nywila ndefu, zizuie zile zinazojulikana zimeshavuja. Sababu ni ya kibinadamu kabisa. Ukimlazimisha mtu abadili, Dodoma2023! inakuwa Dodoma2024!, na mdukuzi anajua hesabu hiyo kama wewe unavyoijua. Umemkata mtumishi fungu kubwa, na ulichonunua ni karibu na bure.

Aprili hadi Juni

Nadharia hizi zimetoka mbali, lakini sijui mji unaozionyesha kwa uwazi kuliko huu wetu kati ya Aprili na Juni. Bunge la Bajeti linakaa Dodoma miezi hiyo. Wizara zinaandaa hotuba, majibu ya maswali ya wabunge, majedwali, na kila rasimu inapita mikono mingi na kurudi ikiwa na masahihisho ya kalamu. Wakati huohuo hesabu za mwaka wa fedha zinafungwa. Tangu Serikali ilipohamia hapa kwa kasi baada ya 2016, wapo watumishi wengi ambao mume au mke na watoto walibaki Dar es Salaam. Ofisi nyingi ziko Mji wa Serikali, Mtumba, kilomita kama 17 kutoka katikati ya jiji, kwa hiyo aliyesahau faili ofisini saa mbili usiku harudi kulichukua. Anaomba atumiwe kwenye WhatsApp.

Na printa ikiishiwa wino? Hapo ndipo nimeona hatari kubwa kuliko wadukuzi wote niliofundishwa chuoni. Mtumishi anachomoa flashi, anakwenda steshenari ya karibu, kijana wa pale anaichomeka, analinakili faili kwenye skrini ya mbele ili lifunguke haraka, anachapa, anapokea hela, anaita mteja mwingine. Siku moja nilisimama kwenye kaunta ya steshenari nikisubiri zamu yangu, na kwenye skrini ile niliona barua za posa, CV za wahitimu, mtihani wa shule fulani ya msingi, na orodha ya watumishi yenye cheki namba, yaani namba zao za utumishi, na akaunti zao za benki. Faili zote zimepangwa safu kama nguo za mtumba. Flashi nayo inarudi ofisini na virusi vinavyogeuza mafaili kuwa shotikati, na kesho yake mimi naitwa.

Kila mtu kwenye mlolongo huo alikuwa anafanya kazi yake. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haiulizi kama ulikuwa na haraka. Inaitaka taasisi inayokusanya taarifa za watu izilinde zisipotee wala zisifike kwa wasiohusika. Watumishi wale wenye cheki namba walizikabidhi kwa mwajiri. Hawakumkabidhi kijana wa steshenari.

Matapeli wanaijua haraka yetu kuliko tunavyoijua wenyewe. "Ile hela tuma kwenye namba hii" ni ujumbe ambao kila Mtanzania mwenye simu ameshaupata, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, wametoa namba 15040 ya kuuripoti. Hauna ufundi wowote. Unamsubiri mtu ambaye kweli alikuwa anataka kutuma hela, kweli ana pilika, na hana nafasi ya kupiga simu kuhakiki. Toleo lake la ofisini ni barua pepe inayojifanya ya bosi: nipo kikaoni, siwezi kupokea simu, shughulikia hili sasa hivi. Mtu aliyelala vizuri huitilia shaka. Aliye kwenye hati ya thelathini na nane usiku hana shaka iliyobaki.

Nimeambiwa na wakuu wa kazi kwamba maneno haya yanawapa wavivu kisingizio. Naielewa hofu yao, na ni kweli wapo wezi ambao hawana msongo wowote. Hao wanahitaji udhibiti na mkono wa sheria, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo kwa ajili yao. Ila huwezi kumkamata mwizi kwenye ofisi ambayo watu wema nao wanatumia nywila za wenzao. Hapo ndipo ninaporudi kwenye ile tarehe 28.

Niliifungua akaunti. Nilimpa nywila ya muda, nikakaa naye mpaka hati zikaisha, nikajiambia watu wanasubiri malipo yao. Miezi kadhaa baadaye wakaguzi walilinganisha vitu viwili: marejesho ya masurufu ya mkuu, yaani hesabu ya fedha alizopewa za safari, yanayoonyesha alilala Singida usiku ule, na kumbukumbu za mfumo, zinazoonyesha aliidhinisha malipo 41 kutoka kwenye kompyuta iliyoko Dodoma. Malipo yote yalikuwa halali. Kila mzabuni alikuwepo, kila kibarua alikuwepo. Lakini hakuna aliyeweza kuthibitisha kwa mfumo kwamba hati fulani aliipitia mkuu na si msaidizi, na mfumo wa malipo hutenganisha anayeandaa na anayeidhinisha kwa ajili ya swali hilohilo. Dada yule aliandikiwa barua ya kujieleza. Alikuja ofisini kwangu ameishika, hakulia, akaniuliza aandike nini. Sikuwa na jibu zuri. Niliandika na mimi yangu, nikaeleza kwamba nilikuwepo na kwamba akaunti nilifungua mimi.

Kilichonisumbua zaidi nilikigundua nikiwa naandika barua hiyo. Mfumo ulikuwa na sehemu ya kukaimisha. Mkuu anaposafiri, anaweza kumkabidhi mtu mwingine mwenye cheo kinachofaa mamlaka ya kuidhinisha kwa siku kadhaa, kwa jina la huyo mtu, na mamlaka yanajifuta yenyewe siku ikifika. Ilikuwepo tangu mwanzo. Haikuwahi kutumika, kwa sababu kuiomba kulihitaji fomu ya kurasa tatu, saini mbili na siku tano za kazi, wakati safari za kikazi hutangazwa jana yake. Barua ya kukaimu ilikuwa inatoka masijala kwa saa moja. Mamlaka ya kukaimu kwenye mfumo yalihitaji wiki. Kati ya saa moja na wiki ndipo kile kipande cha karatasi kilipoingia chini ya kibodi.

Tulilibadilisha hilo kwanza. Fomu ikawa nusu ukurasa, kwa Kiswahili, ikiambatana na barua yenyewe ya kukaimu; karani wa masijala akishagonga muhuri, nakala inakuja kwetu na tunaiingiza mchana uleule. Hatukufanya mafunzo mapya. Tuliongeza jambo moja kwenye kikao cha idara: atakayekosea, awe amebonyeza kiungo cha ajabu au amepoteza flashi, akitupigia ndani ya saa moja hataandikiwa barua. Wiki ya kwanza tulipata simu tatu. Mojawapo ilitoka kwa mkuu wa idara, mtu mzima, aliyekuwa ameificha habari yake kwa siku nne kabla ya kikao hicho.

Tarehe za kubadili nywila zilichukua muda mrefu zaidi, maana kuziondoa kabisa kulihitaji idhini ya juu ambayo haikupatikana wakati nikiwa pale. Tulichoruhusiwa ni kuzisogeza. Mzunguko uliokuwa unaangukia mwishoni mwa Juni ukahamishiwa wiki ya pili ya Agosti, hesabu zikiwa zimefungwa na watu wamerudi kutoka likizo.

Juni iliyofuata mkuu alisafiri tena, safari hii Iringa. Saa nne usiku tarehe 29 nilipita kwenye korido, taa ya fedha ikiwa bado inawaka. Aliyekaa kwenye kompyuta alikuwa mhasibu mwandamizi, anaidhinisha kwa jina lake mwenyewe, na dada yule yuko meza ya pili anamsomea namba za hati.